Karatasi ya Katikati

Kabla sijawa mlinzi wa picha nilikuwa mlinzi wa maegesho ya magari, na nilidhani picha zingekuwa kazi nyepesi kwa sababu hazipigi honi. Kampuni ilinihamishia kwenye jumba la sanaa lililokuwa ndani ya ghala la zamani huko Al Quoz, Dubai, katikati ya gereji na viwanda vya kukata marumaru. Kazi yenyewe ilikuwa kusimama. Saa kumi na mbili kwa siku, mgongo wima, mikono nyuma, na sentensi moja tu ya Kiingereza ya kuwaambia wageni: tafadhali usiguse. Nimeisema sentensi hiyo mara nyingi mno. Mke wangu anadai hadi leo huwa naisema usingizini.

Tulihamishwa wawili. Mwenzangu tulikuwa tumetoka naye Nairobi kwa ndege moja, tukiwa tumevalishwa fulana za wakala zinazofanana kama watoto wa shule. Kwao na kwetu kunatenganishwa na mto ambao wakati wa kiangazi unauvuka bila kulowesha viatu, ila ng'ambo ile wanazungumza lugha nyingine na wanapiga kura kwingine. Kule Dubai hayo hayakutuhusu. Tulikaa Discovery Gardens, wanaume wanane katika nyumba ya chumba kimoja na sebule, mimi kitanda cha chini, yeye cha juu. Yeye alisonga ugali, mimi niliosha sufuria. Alikuwa na kicheko cha kuudhi, kirefu, cha kuanzia tumboni, na mtu akiniuliza siku zile rafiki yangu ni nani ningemwonyesha yeye bila kufikiri.

Zamu yangu ilikuwa ya mchana, yake ya kuanzia saa kumi na mbili jioni. Kati yetu palikuwa na daftari kubwa jeusi la matukio, ambalo kila mlinzi Mkenya analiita OB. Sisi Wakenya tulikuwa na sifa kwa daftari hilo. Wahindi na Wanepali walikuwa wakitucheka kwa sababu tuliandika hata paka akipita. Sheria zake nilifundishwa Nairobi na sajini mstaafu aliyetupigia kelele wiki mbili nzima: hufuti, hubandiki karatasi juu, hurarui ukurasa. Ukikosea unakata neno kwa mstari mmoja, unaandika lililo sahihi juu yake na kutia sahihi. Anayetoka zamu anaandika yaliyotokea, anayeingia anasoma yote na kutia sahihi chini yake. Akishatia sahihi, maneno yale yamekuwa yake pia.

Mwishoni mwa 2007 akaja bikizee wa Kijapani. Alikuwa mfupi wa kunifika kifuani, nywele nyeupe zimekatwa fupi, viatu vya raba, na alikuwa mkali. Alikuja na masanduku ya mbao na binti wa Kijapani anayeishi Dubai, aliyekuwa akimtafsiria kwa Kiingereza. Tulipofungua masanduku yale nilidhani vitu vimeharibikia njiani. Palikuwa na kitambaa kikubwa chenye michirizi ya rangi nyekundu, nene kama uji ulioganda, ambacho mtu alikichora kwa miguu huku akining'inia kwenye kamba. Palikuwa na turubai ambalo mtu alilitandika chini, akalipasulia chupa za rangi kwa kuzibamiza kwenye mawe, na vipande vya chupa vilikuwa bado vimenasa humo. Palikuwa na ubao uliopigwa shoka na kupakwa lami.

Binti akatueleza. Vita vilipokwisha, mji wa bikizee ulikuwa majivu. Alikuwa mtoto, na aliona watu wakitolewa mtoni. Alipokua akakutana na vijana wenzake ambao nao walikuwa wameona mambo kama hayo, wasio na pesa ya turubai wala hamu ya kuchora maua. Walitumia walichokipata: karatasi za kufungia mizigo, tope, mabati, moshi. Kanuni yao ilikuwa moja, kwamba usifanye kitu ambacho mtu mwingine ameshakifanya. Watu wakubwa waliwaita wendawazimu.

Niliwapenda mara moja, na sioni haya kusema kwa nini. Mimi nina hasira. Nimekuwa nayo tangu utotoni. Nilifukuzwa shule mara mbili kwa kupigana, na mama yangu alinisindikiza uwanja wa ndege akiniambia kitu kimoja tu, mikono yako mwanangu, mikono yako. Dubai ukimpiga mtu ni jela, halafu ndege. Kwa hiyo kwa miaka miwili nilikuwa nimeikunja hasira yangu pamoja na nguo za baridi na kuisukuma chini ya kitanda. Na sasa hawa hapa, watu wazima waliovunja, wakapasua, wakachoma, na wakapigiwa makofi.

Kazi ya bikizee mwenyewe ilikuwa ya karatasi. Fremu tano za mbao, kila moja ndefu kuliko mtu, zinasimamishwa kwa mstari, zimewambwa karatasi ya kaki nzito kama ile ya mifuko ya simenti. Mtu mmoja anakimbia kutoka upande huu, mwingine kutoka upande ule, hawaonani. Kila mmoja anapasua karatasi mbili kwa mwili wake, kisha wanakutana kwenye ile ya tano, iliyo katikati. Ujanani alikuwa akikimbia yeye. Sasa magoti yamekataa, na vijana ambao mwenye jumba alikuwa amemtafutia, wanafunzi wembamba wa sanaa, aliwatazama akawafukuza. Akatuona sisi wawili tukibeba masanduku. Akaja akatubinya mikono na mabega kama mtu anayenunua mbuzi, akasema neno moja kwa binti.

"Anasema ninyi," binti akatuambia.

Madam mwenye jumba hakupenda, lakini kwa bikizee hakuwa na la kusema. Tukaanza mazoezi. Bikizee alitufundisha kukimbia bila kufumba macho, kupiga karatasi kwa ngumi na bega, kutopunguza mwendo. Kwa karatasi ya katikati alikuwa na sheria yake, na aliirudia kila siku huku akitufungua vidole yeye mwenyewe, kimoja kimoja: hapo mikono wazi, viganja mbele. Wakati wao kijana mmoja alivunjwa taya kwenye karatasi ya katikati, na bikizee alikuwepo. Hatukuwahi kuifanyia mazoezi ile ya katikati. Alisema ifanywe mara moja tu, siku ya ufunguzi.

Karatasi ya kwanza kupasua sitaisahau. Inapiga mlio ambao huutarajii, kama mabati yanayong'olewa na upepo, na ghafla uko upande wa pili, vumbi la karatasi mdomoni, na hakuna anayekukamata. Mwenzangu alipita ya kwake akabaki amekaa sakafuni akicheka kile kicheko chake.

"Manze, kumbe kupasua vitu ni raha hivi? Tumekuwa tukilinda nini siku hizi zote?"

Ulikuwa mwezi wa Desemba. Nyumbani walikuwa wanajiandaa kupiga kura.

Simu ya dada yangu ilinikuta jikoni, mchana, siku yangu ya mapumziko, mwanzoni mwa Januari. Tangu matokeo ya kura yalipozua mapigano tulikuwa tukishinda mbele ya televisheni, kila asiyekuwa zamu, na kadiri picha za moto zilivyozidi ndivyo watu walivyopunguza maneno. Dada alizungumza polepole, kama anayesoma.

"Usipige kelele huko kwa watu. Baba yuko hai. Ni mkono ndio wamekata. Nyumba hakuna. Ng'ombe hakuna."

"Ni nani?"

Akanitajia jirani wa ng'ambo ya mto. Mtu aliyekuwa akiazima toroli letu kila msimu wa kuvuna na kulirudisha limeoshwa. Nilipokata simu, mwenzangu alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Alisikia lugha yangu, hakuielewa, lakini uso aliuelewa.

"Ni kwenu?" akauliza.

Nilimtazama na nikaona watu wote wa ng'ambo ya mto wamesimama pale na mwiko. Najua ni ujinga. Nilijua hata wakati ule. Nilipita nikampiga kikumbo akagonga fremu ya mlango, na nikaenda kulala chali kwenye kitanda changu nikitazama chini ya godoro lake.

Nyumba yetu ikagawanyika. Sufuria zikawa mbili, kisha tatu. Kuna mtu alikusanya visu vyote vya jikoni akavifungia kwenye sanduku lake la nguo, na kwa wiki mbili tulikuwa tukikata vitunguu kwa kifuniko cha kopo. Mwenzangu peke yake hakubadili. Aliendelea kupika kwa watu wawili. Kila nilipotoka kazini nilikuta sahani yangu mezani, imefunikwa kwa sahani nyingine.

"Boss, chakula chako kiko mezani," angesema kila jioni akipokea zamu.

Nilikuwa nikifika nyumbani namwaga chote kwenye pipa la taka. Ugali, sukuma, nyama pia. Kisha naosha sahani na kuirudisha kabatini. Sikuwahi kumuuliza kwao wamepatwa na nini. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote ninayoyaeleza hapa, kwa sababu lilikuwa swali la maneno mawili na nilikuwa nayo.

Ningeweza kumwambia bikizee sitakimbia. Sikumwambia, na sitaki kujitetea. Siku tatu kabla ya ufunguzi nilikuwa nimeshajua nitakachofanya. Nilikuwa nimesimama zamu, mikono nyuma, nikizitazama fremu zile tano, na likanijia jambo hilo wazi kabisa. Nyuma ya karatasi ya katikati atakuwepo yeye. Nikimpiga mahali pengine popote Dubai, ni jela. Nikimpiga pale, ni sanaa. Nilifurahi. Niliimba nikirudi nyumbani kwenye basi la kampuni, na watu wakadhani nimepata habari njema kutoka nyumbani.

Ufunguzi ulikuwa saa kumi na moja jioni. Wageni walijaa, kanzu nyeupe na suti na viatu vya visigino, glasi mkononi. Sisi tulivalishwa suruali nyeusi na fulana nyeupe, miguu peku. Tulisimama kila mmoja upande wake wa fremu, hatuonani. Bikizee alipiga vibao viwili vya mbao, na hiyo ndiyo ilikuwa ishara.

Nilikimbia. Ya kwanza niliipasua kwa bega na sikuisikia. Ya pili niliipasua kwa ngumi zote mbili, ikanichana shavu. Upande ule mwingine nilisikia za kwake zikipasuka, moja, mbili, na miguu yake ikija. Niliona kivuli chake kwenye karatasi ya katikati, kirefu, kikikua. Nikakunja ngumi ya kulia na kupita nayo katikati ya kaki kwa uzito wangu wote. Nilisikia mfupa. Nilisema jina la baba yangu, kwa sauti au moyoni sijui. Ngumi moja, kwa ajili ya mkono mmoja. Ndivyo nilivyokuwa nimepanga na ndivyo nilivyokumbuka.

Kinachofuata ninachokumbuka ni makofi. Watu walikuwa wakipiga makofi na kupiga picha. Mwenzangu alikuwa amepiga magoti ndani ya fremu, kiwiko kimeshikilia mbao, damu ikimtoka mdomoni na kwenye nyusi ya kushoto, na karatasi iliyoraruka ilikuwa imemwangukia mabegani, imeloa. Mwanamke mmoja alisema ni ya kustaajabisha.

Bikizee alikuja kwangu kwanza. Aliushika mkono wangu wa kulia, ambao ulikuwa bado ngumi. Alijaribu kufungua vidole kimoja kimoja, kama kwenye mazoezi. Vilikataa. Akaniangalia usoni, akasema kitu, na binti alichelewa kutafsiri.

"Anauliza, ulijua yuko pale?"

"No, madam," nikasema.

Bikizee aliniachia mkono. Akaenda kumfuta mwenzangu uso kwa shali yake. Madam alitaka karatasi ile ibadilishwe kabla ya asubuhi, akisema damu itatisha wanunuzi. Bikizee alikataa kwa sauti ambayo haikuhitaji mkalimani. Karatasi ikabaki ilivyo.

Saa kumi na mbili kasoro ilinibidi nifunge zamu. Nilikwenda kwenye meza ya walinzi, nikafungua OB, na mkono ule ule uliovimba ukashika kalamu. Nikaandika kwa Kiingereza chetu cha kazini: ufunguzi umefanyika, wageni wametoka salama, hali shwari, hakuna tukio. Mwenzangu akaja kupokea zamu. Alikuwa ameshavaa sare. Mdomo ulikuwa umevimba, jino moja la mbele halipo, na juu ya jicho alikuwa amebandika plasta mbili ambazo tayari zilikuwa zimeloa. Akainama akasoma.

Alisoma muda mrefu, ingawa yalikuwa maneno machache. Nilijua anaweza kufanya nini. Akikataa kutia sahihi, akaandika mstari wake mmoja, msimamizi wa kampuni angepiga simu polisi kabla ya sala ya Isha, nami ningetoka pale kwa pingu, nisimwone baba kwa muda nisioujua wala kumtumia hata shilingi ya dawa. Nilimchukia hata kwa hilo, kwamba alikuwa amenishika.

Akachukua kalamu akatia sahihi.

"Yalla, nenda," akasema. "Basi linakungoja."

Nikaenda. Sikusema asante, sikusema pole. Wiki hiyo hiyo aliomba uhamisho, akapelekwa kulinda hoteli moja Al Rigga, na nilipotoka kazini nikakuta kitanda cha juu hakina godoro. Mezani hapakuwa na sahani.

Maonyesho yalikaa mwezi mzima, na mwezi mzima nilisimama kando ya karatasi ile. Ilikuwa ndiyo kazi yangu. Damu ilikuwa nyekundu, ikawa kahawia, ikawa rangi moja na kaki hadi ulihitaji kusogea ili uione. Wageni walisogea. Waliinamisha vichwa, walizungumzia nguvu na ujasiri, na mimi niliwaambia tafadhali usiguse. Bwana mmoja aliniuliza kama damu ni ya kweli. Nikamjibu ndiyo, sir. Akaniuliza ya nani, nikasema sijui. Nilikuwa nikifika nyumbani nalala na viatu. Hasira ilikuwa imekwisha yote, na palipokuwa na hasira hapakuwa na kitu, ila aibu iliyonikaba wakati wa kula.

Bikizee alishaondoka. Aliacha agizo kwamba kazi yake haiuzwi wala haihifadhiwi: siku ya mwisho karatasi zote ziraruliwe na kutupwa, kama walivyofanya wao enzi zile. Lori la taka lilitarajiwa saa tisa alasiri.

Saa saba mlango ukafunguliwa na mwenzangu akaingia. Alikuwa na nguo za kiraia, shati la mistari nililolijua kwa sababu tulilinunua pamoja. Nyusi ilikuwa na kovu lisilo na nywele. Hakunisalimia. Alipita picha zote bila kuzitazama, akafika karatasi ya katikati, akasimama mbele yake, akanyoosha mkono na kuweka kiganja juu ya lile doa.

"Tafadhali usiguse," nikasema.

Lilitoka lenyewe. Nilisema kwa Kiingereza, kwa sauti ile ya kazini, mgongo wima. Nilipolisikia nilitaka sakafu inimeze. Mwenzangu aligeuka akanitazama, na akaanza kucheka, kicheko kile kile kirefu, pengo likionekana, hadi akajishika mbavu.

"Aki wewe," akasema. "Hii ni yangu, bwana. Ni mimi huyu."

Sikuweza kucheka. Nilikwenda kwenye meza, nikafungua OB, nikaandika kichwa ambacho sajini wetu alitufundisha: taarifa iliyochelewa. Nikaandika tarehe ya ufunguzi na saa. Chini yake nikaandika kwa Kiswahili, ili msimamizi asielewe, maana woga nilikuwa bado nao, ingawa nilijua Mkenya yeyote atakayeletwa baada yangu atalisoma na anaweza kunichongea akipenda. Niliandika kwamba siku hiyo, kwenye karatasi ya katikati, nilimpiga mwenzangu ngumi mara moja, kwa makusudi, nikijua yuko pale, na kwamba yeye hakuwa na kosa. Nikatia sahihi. Nikaligeuza daftari upande wake na kumpa kalamu.

Alisoma akifuatisha kwa kidole. Alipofika mwisho hakutia sahihi.

"Umeandika vibaya," akasema.

"Wapi?"

"Hapa. Zilikuwa mbili."

"Moja," nikasema. Niliamini kabisa. "Nilikupiga moja."

"Moja ya jino." Akagusa mdomo, kisha nyusi. "Na moja ya hapa. Ya kwanza ulipiga karatasi, hukuwa unaniona. Ya pili karatasi ilikuwa imeshaanguka. Tuliangaliana, boss. Mimi nilikuwa nimefungua mikono, vile yule mathe wa Kijapani alisema."

Nilimtazama, na niliiona. Viganja vyake viwili mbele ya kifua changu, vyeupe kwa vumbi la karatasi, na macho yake, na mkono wangu ukirudi nyuma mara ya pili.

Alinirudishia kalamu. Nikakata neno moja kwa mstari mmoja, kama tulivyofundishwa, nikaandika juu yake mbili, nikatia sahihi pembeni. Yeye akavuta kiti akakaa, akaanza kusoma upya kutoka mwanzo.